Ruzuku ndogo ya afya Mombasa: kulipia SHA, kambi ya matibabu, kuwawezesha CHP au mfuko wa nauli?

Barua ya mfadhili imefika, ruzuku imekubaliwa, na kamati tayari imegawanyika. Mwenyekiti anataka kambi kubwa ya matibabu uwanjani. Mwekahazina anasema afadhali kaya maskini zilipiwe SHA, yaani bima ya afya ya serikali. Wahudumu wa afya wa jamii, wale CHP, wanauliza lini watapata nauli ya kuzungukia nyumba walizopangiwa. Na kina mama wa Mtongwe wanasema hayo yote ni mazuri, lakini usiku wa uchungu hakuna pesa ya tuktuk. Kila mmoja ana hoja.

Nimeandika haya kwa kamati za namna hiyo: kikundi cha kina mama, cha vijana, cha watu wenye ulemavu, kamati ya msikiti au ya kanisa, iliyopata fedha za kuwasaidia watu wasiofikiwa na huduma za afya na haijui iishike njia ipi. Nitazilinganisha njia nne. Ili hesabu zishikike, nachukua ruzuku ya mfano ya shilingi 600,000 kwa mwaka, na kutoa asilimia 10 ya uendeshaji: karatasi, simu, ada za benki, ukaguzi wa hesabu. Zinabaki 540,000 za kazi yenyewe. Yenu ikiwa kubwa au ndogo zaidi, uwiano ni uleule.

Vipimo

Kila njia nitaiuliza maswali sita. Inamfikia nani, na inamwacha nani nje? Pesa inakwenda wapi? Kamati itabeba kazi gani? Huharibikia wapi? Ruzuku ikiisha, kinabaki nini? Na mwisho, inawafaa kina nani?

Swali la kinachobaki ndilo kamati nyingi hulikwepa, kwa sababu jibu lake huumiza. Mfadhili hulipa mwaka mmoja, akipenda miwili. Presha na sukari ni za maisha. Aliyedhani ufadhili wa nje ni wa kudumu aliona mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake na miradi mingi ya afya hapa Pwani ikafunga milango au kupunguza wafanyakazi ndani ya wiki chache. Ruzuku ya kikundi ni ndogo kuliko hizo, lakini mgonjwa anayeachwa katikati ya njia ni yuleyule.

Kwanza tuelewane kuhusu SHA

Bila hili hamtaweza kulinganisha chochote. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024. Mtaani wengi bado wanaihesabu kama zamani: umelipa, unatibiwa, hujalipa, rudi nyumbani. Sivyo ilivyopangwa. Chini yake kuna mifuko mitatu. Mfuko wa huduma za msingi unagharimia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na hapo mtu anatakiwa awe amesajiliwa tu. Mfuko wa bima ya jamii ndio unaodai mchango, na ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na kujifungua. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, unaopokea mzigo pale ule wa bima unapokomea.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi huulizwa maswali kuhusu nyumba anayokaa, maji, choo, anapikia nini, kisha mfumo unamkadiria. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na mtu wa namna hii hutakiwa kulipa mwaka mzima mbele, yaani 3,600. Mwanamke anayeuza viazi karai Kisauni anaweza kupata 300 mwezi huu. Kupata 3,600 kwa mkupuo ndiko kunakomshinda. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomkopesha mtu mchango wa mwaka naye akarudisha kidogo kidogo, lakini mkopo ni mkopo, na wengi wanauogopa.

Kwa kamati, maana yake ni hii: kumsajili mtu hakuhitaji senti ya mchango, na kunamfungulia zahanati ya karibu. Usajili unafanywa kwa simu kupitia *147#, au kwa msaada wa CHP. Njia yoyote mtakayochagua, anzeni kwa kuhakikisha watu wenu wamesajiliwa. Nimeona vikao vikibishana saa nzima kuhusu mchango wa watu ambao hata usajili hawana.

Hapo ndipo mtakutana na kizuizi ambacho hakimo katika fomu za wafadhili: kitambulisho. Pwani hii wapo watu waliozaliwa hapa, wazazi wao wamezikwa hapa, na hawana karatasi. Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2016, Wapemba mwaka 2023, na kila familia iliyopata kitambulisho ina jirani ambaye bado anakifuatilia. Kama watu wa namna hiyo ni wengi mtaani kwenu, tengeni fungu la nauli na mtu wa kuwasindikiza kwa chifu na ofisi ya usajili. Ni kazi ya afya hiyo, hata kama mfadhili hajaizoea.

Njia ya kwanza: kulipia kaya mchango wa SHA

Anayefikiwa. Kaya maskini ambazo tayari zina kitambulisho na zimesajiliwa, hasa zenye mjamzito, mgonjwa wa figo, mtoto wa kulazwa mara kwa mara, au mzee anayesubiri upasuaji. Mchango mmoja unamfunika mwenye kaya, mwenzi wake na watoto wanaowategemea. Wanaoachwa nje ni wale wasio na karatasi, na vijana wanaoishi peke yao vibandani, ambao kamati hupenda kusema wana nguvu za kujitafutia.

Pesa. Kwa kiwango cha chini, 540,000 zinalipia kaya 150 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilionyesha kaya ya Mombasa ina wastani wa watu 3 na kidogo, kwa hiyo mnafunika kama watu 450. Lakini si kila maskini hukadiriwa kiwango cha chini. Aliyepanga nyumba ya mawe yenye umeme anaweza kupewa zaidi hata kama hana kazi. Wastani wa kaya zenu ukiwa 500 kwa mwezi, kaya zinashuka hadi 90. Pateni makadirio ya kila kaya kabla hamjamwahidi mtu yeyote.

Kazi ya kamati. Ngumu zaidi ni orodha. Nani aingie, nani abaki? Wekeni masharti kwa maandishi kabla ya kutaja jina hata moja, mshirikisheni mzee wa mtaa na CHP wa eneo, na mjumbe mwenye ndugu kwenye orodha atoke nje jina lake linapojadiliwa. Orodha ya maskini haibandikwi ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana, lakini hata bila sheria, hakuna anayetaka mwanawe aulizwe shuleni kwa nini jina la mama yake limebandikwa kwenye mlango wa madrasa. Lipeni moja kwa moja kwa SHA kwa akaunti ya mhusika na kutunza ujumbe wa uthibitisho. Msimpe mtu pesa mkononi akalipe mwenyewe, kwa sababu akiwa na njaa nyumbani atanunua unga, na hamtakuwa na haki ya kumlaumu.

Inapoharibikia. Kadi inaweza kuwa hai na dawa zisiwepo. Mfumo unaweza kugoma siku mgonjwa amefika. Februari 2025 hospitali za binafsi zilizo chini ya chama cha RUPHA zilisimamisha huduma za SHA kwa muda zikidai malipo yao. Ndiyo maana nasema msinunue bima bila kwenda kwanza kwenye hospitali ambayo watu wenu wataitumia, Tudor, Port Reitz, ya Likoni au ya Rufaa ya Pwani ambayo wengi tunaiita Makadara, na kuuliza dawati la SHA linafanyaje kazi, nani anasaidia kadi ikikataa, na vitu gani mgonjwa huambiwa akanunue nje.

Kinachobaki. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. Mwezi wa 13 kaya inarudi ilikokuwa, isipokuwa kama mlijenga kitu ndani ya ule mwaka. Njia ninayoiamini ni kulipa mwaka wa kwanza wote huku kaya zikiweka akiba kwenye chama. Nusu ya 3,600 ni kama shilingi 35 kwa wiki. Mwaka wa pili kikundi kinaongeza nusu nyingine, wa tatu kaya inasimama yenyewe. Haitafaulu kwa kila kaya, wala isigeuzwe adhabu kwa aliyeshindwa. Pia ulizeni chifu kama kaya zenu zilizo hoi kabisa zinaweza kuingizwa kwenye mpango wa serikali wa kuwalipia wasiojiweza, uliotangazwa mwaka 2025. Kumlipia mtu ambaye serikali ingemlipia ni kumnyima mwingine.

Inawafaa kina nani. Vikundi vyenye kumbukumbu safi, vinavyojua wanachama wao nyumba kwa nyumba, na vilivyo karibu na hospitali inayotoa huduma kwelikweli. Kama fedha ni za zaka, muulizeni imamu kwanza: wanaostahili zaka wana masharti yao, na si kila aliye kwenye orodha ya kikundi anaingia humo.

Njia ya pili: kambi ya matibabu

Anayefikiwa. Watu wasiokwenda hospitali kabisa, hasa wanaume. Mpakuzi wa bandarini hatapoteza kibarua cha siku akapange foleni kliniki kwa ajili ya presha asiyoisikia, lakini Jumapili kambi ikiwa nje ya nyumba yake atakaa kitini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha karibu robo ya watu wazima nchini wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Kwa kuwagundua watu, kambi haina mpinzani. Wanaoachwa nje ni wale wasioweza kutoka ndani: mzee aliyepooza, mama mwenye mtoto mlemavu orofa ya tatu.

Pesa. Mahema, viti, vipaza sauti, chakula cha wahudumu, usafiri, vipimo na dawa. Hapa naomba mniamini: bajeti ya kambi huvimba mahali ambapo mgonjwa hafaidiki. Ukikuta fulana, mabango na wageni wa heshima wanakula zaidi ya dawa na vipimo, irudishe kwa aliyeiandika. Dawa zipitie kwenye kituo cha afya au kwa msambazaji anayetambulika, na masanduku yanayobaki yakabidhiwe kituo kwa sahihi siku hiyohiyo, yasilale nyumbani kwa mtu.

Kazi ya kamati. Vibali kwanza, kuanzia idara ya afya ya kaunti, na kila daktari, muuguzi na mfamasia awe na leseni hai. Kisha mambo ambayo wageni kutoka Nairobi huyasahau: msiweke kambi mchana wa Ramadhani, msianze Ijumaa karibu na swala, na tafuteni wahudumu wa kike wa kutosha. Pazia la kupimia liwe pazia kweli. Mwanamke akiona atavuliwa buibui nyuma ya shuka inayopeperuka na upepo wa bahari, ataondoka kimya na hamtajua alikuja na tatizo gani.

Inapoharibikia. Meza ya presha ndiyo yenye foleni ndefu siku zote. Bibi ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkono wa buibui umekunjwa mpaka juu ya kiwiko, mashine inapuliza na kusoma 182 kwa 110. Muuguzi anarudia kupima, namba ni ileile. Daktari anamwandikia amlodipine ya siku 14, anamwambia apunguze chumvi, na anayefuata anaitwa. Bibi anaondoka na kipande cha karatasi na bahasha ndogo ya kaki. Siku ya 15 je? Hakuna aliyeandika anaishi wapi, kituo chake ni kipi, wala nani atamgongea mlango. Kwenye ripoti ataonekana kama mtu aliyehudumiwa. Ukweli ni kwamba amepewa habari mbaya na wiki mbili za dawa.

Hilo linarekebishika, na ndilo jambo ambalo kamati inayochagua kambi lazima ilipiganie. Wekeni meza ya mwisho, kabla ya lango la kutokea, yenye CHP wa kila eneo. Kila aliyekutwa na tatizo anapita hapo: jina, simu, nyumba iko karibu na wapi, kituo atakachokwenda na tarehe. CHP anaondoka na orodha yake ya kufuatilia, na kamati inaulizia orodha hiyo baada ya mwezi. Kambi yenye meza hiyo na kambi isiyo nayo ni vitu viwili tofauti hata kama mahema yanafanana.

Kinachobaki. Bila meza ile, picha. Mkiwa nayo, majina ya wagonjwa waliounganishwa na kliniki, na pengine usajili wa SHA ikiwa mliweka dawati lake palepale.

Inawafaa kina nani. Vikundi vyenye mvuto na watu wengi wa kujitolea lakini visivyo na uwezo wa kusimamia kazi ya mwaka mzima, na mitaa iliyo mbali na kituo au ambako watu hawakiamini kituo kilichopo. Inafaa pia kwa lengo mahususi: macho, meno, uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi. Kambi ya macho yenye miwani na rufaa za upasuaji wa mtoto wa jicho humaliza tatizo la mtu, ilhali ya kutibu kila kitu humaliza machache.

Njia ya tatu: kuwawezesha CHP na kituo cha karibu

Anayefikiwa. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa CHP zaidi ya 100,000 nchini, kila mmoja na mkoba wa vifaa na simu, akipangiwa takriban kaya 100. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. CHP 20 ni kaya 2,000. Hakuna njia nyingine hapa inayofikia nyumba nyingi kiasi hicho, na ni hii tu inayoingia kwa yule asiyeweza kutoka ndani. Anayeachwa nje ni mtu asiye na nyumba: kijana anayelala ufukoni au chini ya vibanda vya Mwembe Tayari, na watumiaji wa dawa za kulevya wanaohamahama. Hao wanahitaji mashirika yaliyozoea kazi hiyo.

Pesa. Mwombeni CHP afungue mkoba wake mbele ya kamati. Mara nyingi mashine ya sukari imo, inawaka, lakini kichupa cha vijiti vya kupimia ni kitupu. Mashine ya presha betri zimekwisha. Simu ipo, bando hakuna, kwa hiyo taarifa za nyumba zinasubiri mpaka afike penye mtandao wa bure. Hiyo ndiyo bajeti yenu. Nauli na bando la shilingi 1,000 kwa mwezi kwa CHP 20 ni 240,000 kwa mwaka. Zinabaki 300,000 za vijiti, betri, glavu na marekebisho madogo kituoni: tangi la maji, pazia, kiti cha kujifungulia kilichovunjika. Msiwalipe mshahara. Mkianza kuongeza posho, ruzuku ikikatika mtakuwa mmeua moyo wa kazi iliyokuwapo kabla yenu.

Kazi ya kamati. Kikao cha kila mwezi na msimamizi wa CHP na muuguzi mkuu wa kituo. Maswali ni machache: nyumba ngapi zimetembelewa, wangapi walipewa rufaa, wangapi walifika kituoni. Swali la tatu ndilo la thamani.

Inapoharibikia. Ni kazi isiyoonekana. Hakuna hema, hakuna siku kubwa, na mfadhili anayetaka picha atalalamika. CHP naye akimpeleka mgonjwa kwenye kituo kisicho na dawa mara mbili, nyumba zitaanza kumfungia mlango. Na kuna siri. CHP ni jirani. Anajua nani anatumia ARV na nani mimba yake haijatangazwa. Kama mtaani kwenu kuna CHP anayejulikana kwa ulimi, semeni na msimamizi wake kabla hamjaweka shilingi.

Kinachobaki. Vifaa, mazoea ya kufuatilia wagonjwa, na uhusiano na kituo. Kwa kipimo hiki inazishinda nyingine, kwa sababu mnatia nguvu kitu ambacho serikali tayari inakilipa na kitaendelea kuwapo.

Inawafaa kina nani. Vikundi vyenye subira na vyenye mfadhili anayeelewa kazi ya taratibu. Haiwafai wenye wagonjwa wanaohitaji upasuaji sasa hivi, kwa sababu CHP hawezi kulipia kitanda cha hospitali.

Njia ya nne: mfuko wa nauli na dharura

Anayefikiwa. Mjamzito, mtoto mwenye degedege, mgonjwa wa kusafishwa damu anayekwenda hospitali mara mbili au tatu kwa wiki. Likoni na Mtongwe jambo hili lina uzito wa pekee: kivuko ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini mwanamke mwenye uchungu haendi kwa miguu, na saa nane za usiku dereva wa tuktuk hutaja bei anayotaka.

Pesa. Mkikadiria shilingi 1,500 kwa safari, 540,000 ni safari 360. Lakini msilipe safari moja moja kwa bei ya usiku huo. Kubalianeni mapema na madereva wachache wa tuktuk na teksi wa mtaani, bei iandikwe, walipwe kwa M-Pesa na mwekahazina akipata uthibitisho kwamba mgonjwa amefika.

Kazi ya kamati ni simu moja isiyozimwa na watu wawili wanaopokezana. Huharibikia pale mfuko unapogeuka wa kila kitu: karo, kodi, mazishi. Kataeni mapema, kwa maandishi. Pia msisahau kwamba nauli inamfikisha mtu mlangoni tu. Kinachobaki ni mkataba na madereva, ambao unaweza kuendelea kwa michango ya wanachama kwa sababu gharama yake ni ndogo. Inawafaa vikundi vya mitaa ya pembezoni, na vyenye kina mama wengi wa umri wa kuzaa.

Mkitaka kuchanganya

Mfadhili akiruhusu, mchanganyiko wa njia mbili unawezekana. Tatu ni nyingi kwa fedha hizi. Unaofanya kazi vizuri ni CHP pamoja na mfuko wa nauli: mmoja anamwona mgonjwa, mwingine unamfikisha. Kambi moja ndogo ikifuatiwa na miezi 11 ya CHP nayo ni mpango wa maana. Kabla ya yote someni mkataba wa ruzuku mstari kwa mstari, kwa sababu baadhi ya mikataba hairuhusu kulipia watu binafsi bima, na kuligundua hilo wakati wa ukaguzi ni aibu ambayo kikundi huibeba miaka mingi.

Mchague kwa hali yenu

Nendeni kwanza mkaulize watu wanakwama wapi. Kaeni asubuhi moja nje ya kituo cha afya, zungumzeni na wakunga, na CHP watatu wa maeneo tofauti, na watu waliozikosa huduma mwaka huu. Majibu hayatafanana mtaa kwa mtaa. Bangladesh ya Jomvu si Moroto, na Moroto si Mtongwe.

Kama wengi wanasema wanafika hospitali wanarudishwa kwa sababu ya bili ya kulazwa au kujifungua, na hospitali yenyewe ina dawa na watu, lipieni SHA. Anzeni na wajawazito, kwa kuwa tarehe yao inajulikana na faida inaonekana ndani ya miezi 9.

Kama kituo kipo, kimefunguliwa, na watu hawaendi kwa kutojua kwamba ni wagonjwa, fanyeni kambi yenye meza ya CHP langoni. Msipopata CHP wa kuketi mezani, ahirisheni mpaka wapatikane.

Kama wanaougua ni wa presha, sukari, wazee na watoto wenye utapiamlo, magonjwa ya kufuatwa siku baada ya siku, fedha ziende kwa CHP na kituo. Hapa ndipo mimi binafsi ningeweka zangu mara nyingi zaidi, ingawa najua kikundi kinachodaiwa picha na mfadhili wake kitaona vigumu.

Kama vifo na matatizo mnayoyasikia yalitokea njiani au kwa kuchelewa kutoka nyumbani, wekeni mfuko wa nauli, hata kabla ya kuwafikiria wengine.

Kama hamna kumbukumbu nzuri za fedha, na mwekahazina ni yuleyule anayeweka sahihi peke yake, chagueni njia yenye malipo machache na makubwa, kama vifaa vya kituo, mkanunue kwa risiti na kukabidhi hadharani. Mfuko wa nauli na orodha ya SHA vitawagombanisha.

Na kama nusu ya watu wenu hawana kitambulisho, tumieni miezi mitatu ya kwanza kwa hilo na kwa usajili, mkamweleze mfadhili kwa nini. Mpelekeeni orodha ya walioanza safari hiyo, bila majina, mkionyesha kila mmoja amefikia hatua gani: amepata barua ya chifu, amepigwa picha, anasubiri, amekipata, amesajiliwa.